Mwaka wa Filamu ya Jikoni

Hapa Stockholm hata maiti hupanga foleni. Sospeter alifariki theluji ikiwa bado nene, na tulipomzika maua ya manjano yalikuwa yameanza kuchomoza kando ya kanisa. Mimi si mtu wa kutoka. Binti yangu Wakesho husema kwamba nikipotea polisi waanze kunitafuta chini ya blanketi la sebuleni, na hapo ndipo upelelezi utakapoishia. Lakini kwa Sospeter nilivaa koti, nikapanda treni pale Rissne ninapoishi, nikabadilisha katikati ya mji, nikaenda hadi Hallunda, ambako sikuwa nimekanyaga kwa miaka mingi. Ukumbi ulinukia pilau, sambusa na ile mikate ya mdalasini ambayo Waswidi huila hata kwenye msiba. Nikaketi mahali ninapoketi siku zote, karibu na mlango, mgongo ukutani, ili nione nani anaingia na nani anamnong'oneza nani. Ndipo nikamwona Bahati upande wa pili, amekuwa mama mzima mwenye mvi, anachukua kipande cha kuku kwa uma kana kwamba kuku huyo ana jambo la kumficha. Hakunisalimu. Mama Kezia, ambaye sasa anatembelea fimbo, akaniinamia sikioni. "Mghoi, Bahati yuko pale. Tafadhali usimwambie mtu kitu." Nikamuuliza, "Nimwambie nani nini, Mama Kezia?" Akasema, "Mimi nasema tu." Miaka thelathini na zaidi imepita, na mdomo wangu bado uko chini ya ulinzi.

Habari za ukoo wangu, za sekondari niliyosoma Voi na za jinsi nilivyopata viza nitaziacha, hazina mashetani. Nianze na nyumba ya Mama Kezia, maana mwaka ule wote ulipita humo ndani. Ilikuwa ghorofa ya tatu, Hallunda, dirisha la jikoni likitazama maegesho ya magari na la chumba chetu likitazama maegesho mengine. Mama Kezia alikuwa Mkenya, muuguzi, mjane, na alitupangisha chumba kimoja mimi na Bahati. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nafanya kazi ya kuwaogesha wazee asubuhi na kusoma Kiswidi mchana. Bahati alitoka Bukavu, alinizidi miaka michache, na alifanya usafi katika ofisi za Kista. Vitanda vyetu vilikaribiana kiasi kwamba mmoja akigeuka mwingine lazima ageuke pia. Ukutani kulikuwa na bomba la joto lililokohoa kama mzee anayetaka kuombwa radhi. Bahati alipika sombe, yaani kisamvu cha kwao, iliyotoka dukani ikiwa jiwe la barafu, akaitwanga upya kwa chupa, na harufu yake ikaingia hadi kwenye mito. Nilikuwa na furaha pale, nakiri. Nilikuwa mtu wa kucheka na kila anayebisha hodi. Wanaonijua leo hawaamini.

Siku ya raha ilikuwa Jumamosi, na mwenye Jumamosi alikuwa Sospeter. Alikuwa mtu wa Mwanza aliyepelekwa Chekoslovakia kusomea mitambo. Kama mitambo ilimshinda au yeye ndiye aliyeishinda, hatukuwahi kujua. Tulichojua ni kwamba alikuwa akiosha vyombo kwenye meli kubwa ziendazo Ufini, na meli ikiwa bandarini mchana alikuja kwetu na mfuko wa kanda za video. Sebule ilijaa Wakenya, Waganda, Wakongomani na Warundi, kila mmoja na Kiswahili chake. Sospeter alipunguza sauti ya televisheni ikabaki mnong'ono, akasimama kando yake na mwiko wa Mama Kezia mkononi, akaanza kututafsiria. Kutafsiri ni neno la heshima tu. Mliowahi kuketi kwenye mabanda ya video kwetu mnaijua kazi hiyo: mtafsiri haulizwi amesema nini mzungu, anaulizwa kwa nini watu hawajacheka. Filamu ya Kijerumani ya treni aliigeuza kisa cha wizi wa mbuzi Shinyanga, na nikuambieni ukweli, ilinoga kuliko ingebaki treni. Kila mwanamke ndani ya filamu alipewa jina la kwetu. Na aliyekuja mikono mitupu aliingizwa humo humo. Mganda mmoja aliyesahau soda alipigwa risasi darajani, akaanguka majini, na Sospeter akamsindikiza kwa mwiko: "Buriani, Musoke. Ungekuja na Fanta ungekuwa hai." Kukitokea umbea wa wiki hiyo, nani anamtaka nani, nani kamnunia nani, nao uliwekwa midomoni mwa Wazungu. Kwa hiyo mstari wowote wenye ncha ukitajwa, sebule nzima iligeuza shingo kutafuta mwenyewe ni nani. Kutafuta mwenyewe ndiyo ilikuwa nusu ya utamu.

Baridi ilipoanza akaleta filamu aliyosema ni ya mashetani. Ilikuwa ya zamani hata wakati ule, nyeusi na nyeupe, ya Kicheki, bila maandishi yoyote chini. Mtu akafunga pazia, Mama Kezia akaweka Biblia pajani kama mkanda wa usalama, tukangoja damu. Badala yake tukaonyeshwa jikoni. Mwanamke anamenya viazi. Anamenya kimoja, anamenya kingine, mpaka vikaisha. Hakukuwa na muziki. Kisha katika chumba cha pili, usichokiona, kiti kikaburuzwa. Mwanamke akatulia, akasikiliza, akaendelea na sufuria. Basi. "Mashetani wako wapi?" akauliza Musoke. "Subira, ndugu mtazamaji," akasema Sospeter. "Shetani wa Ulaya hana haraka, amelipiwa joto." Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa mwisho siku hiyo. Aliyekuwa akiwapa maneno hata mbwa na milango, sasa alisimama na mwiko umening'inia, akisema kwa sauti ndogo, "Hapa hasemi kitu." Na dakika nyingine, "Hapa pia hasemi." Kila mwanamke yule alipotoka jikoni na kurudi, chakula kilikuwa kimepungua kidogo. Kijiko kilikuwa kimehama. Hatukuonyeshwa mkono, hatukuonyeshwa kivuli, mlango tu uliosindikwa nusu. Saa ya meli ikafika, Sospeter akaichomoa kanda katikati na kwenda zake, akituacha na mlango ule.

Wiki zilizofuata nyumba iliharibika. Tulikuwa watu wazima, waumini, wenye vibali vya kazi, na hakuna aliyekubali kuingia jikoni bila kukohoa kwanza. Mama Kezia akaanza kuchora mstari wa kalamu kwenye boksi la maziwa. "Nani amekunywa maziwa?" "Si mimi, Mama." "Wala mimi." "Basi ni yule wa Sospeter," akasema, lakini alitutazama sisi. Mimi nilimshuku Mama Kezia mwenyewe, kwa sababu mwenye kalamu ndiye mwenye mstari. Kisha nikamshuku Bahati, na huko nilikuwa na ushahidi. Kila Jumapili alipakua sahani mbili. Moja alikula nami. Ya pili aliifunika kwa kifuniko cha sufuria na kuiweka dirishani, katikati ya vioo viwili, mahali penye baridi. Asubuhi ya Jumatatu sahani ilikuwa tupu na imeoshwa. Nilivumilia nikashindwa. Siku moja nikafunga mlango wa chumba, nikamuuliza, "Bahati, unamlisha nani?"

"Shetani," akasema, na hakucheka.

"Nakuuliza kwa wema."

Akaketi kitandani, magoti yake yakagusa yangu, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuyaweka. "Ni fungu ya mtoto wangu," akasema. Kwao, aliye mbali huwekewa fungu lake ili nyumba isimsahau. Kesho yake mwenye kuweka ndiye hulila. Mtoto aliitwa Patrice. Alimwacha Bukavu kwa mama yake, bado mdogo wa kubebwa, na tangu afike Uswidi hakuwa amemtaja kwa mtu. Nestori ndiye alikuwa sababu. Nestori alikuwa Mrundi, mwalimu wa kwaya yetu, mtu msafi wa kola na wa maneno, na alikuwa amemposa Bahati waziwazi mbele ya kanisa. Alimuuliza swali moja tu, kama amewahi kuzaa, naye akajibu hapana. Harusi ilipangwa iwe Pasaka. "Nikishaolewa nitamwambia," akasema Bahati. "Na akikataa?" "Hatakataa. Atakuwa amekula sombe yangu mingi sana, hataweza kurudi kwa ya wengine." Tukacheka, tukaacha. Kisha akanishika kidole gumba, kama mtu anayepima pete, akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambacho 'ndiye' ni 'njo': "Weye peke yako njo unajua, Mghoi." Nikamwambia sitasema. Wala haikuwa ushujaa. Ningemwambia nani? Yeye ndiye niliyekuwa nikimwambia mambo yote.

Sospeter alirudi na kanda ile mwezi wa Januari, Jumamosi moja ambayo jua lilichungulia saa sita na kuondoka kabla ya chakula kushuka tumboni, kwa hiyo pazia halikuhitajika. Sebule ilijaa kuliko kawaida. Watu walitaka kujua nani yuko nyuma ya mlango. Nestori alikuja na kuku mzima wa kuoka, akasema hataki kufa darajani, tukacheka, akaketi kando ya Bahati, mguu juu ya mguu. Mimi nilikuwa chini kwenye zulia, mgongo kwenye goti la Bahati. Filamu ikaendelea pale pale ilipoachwa. Mwanamke akapika. Akapakua sahani mbili, akaweka moja mbele ya kiti kitupu. Nikahisi goti la Bahati likikaza mgongoni mwangu. Kisha mwanamke akaugeukia ule mlango na, kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze, akasema maneno mengi. Sospeter alishusha mwiko. Alisikiliza mpaka mwanamke akamaliza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema polepole, bila sauti za kuigiza: "Anasema, niliwaambia watu sina mtoto. Niliwaambia sijawahi kuzaa. Njoo ule, mwanangu, hawajui kwamba upo."

Shingo zikageuka, kama kawaida, kumtafuta mwenyewe. Walitazamana, hawakupata mtu, wakaanza kumgeukia tena Sospeter. Laiti Bahati angebaki ameketi. Goti likaondoka mgongoni mwangu, nikaangukia nyuma, na nilipotazama juu alikuwa amesimama, ananitazama mimi.

"Njo weye," akasema. "Njo weye ulimwambiaka."

"Sikusema."

"Nani mwingine?"

"Bahati, sikusema, keti."

Nestori alishusha mguu wake. Alikuwa na subira ya mwalimu anayesubiri sauti ya pili ipatikane. "Alimwambia nini?" akauliza. Akamgeukia mchumba wake. "Bahati. Alimwambia nini?" Kwenye televisheni mwanamke alikuwa bado anasema kitu, taratibu, kwa Kicheki, na Sospeter hakukitafsiri, alitutazama mmoja mmoja, mwiko kifuani, kama mtu aliyepiga simu akapokelewa na nyumba nyingine. Mama Kezia akainuka, akazima.

Harusi haikuwapo. Nestori hakupiga kelele. Alisema angeweza kumsamehe mtoto lakini si jibu, akachukua koti lake. Bahati alihamia Göteborg kabla barafu haijayeyuka, na chumba chetu kikabaki na kitanda kimoja kilichotandikwa. Siku aliyofunga mabegi nilimwambia tena kwamba sikusema. Alikuwa anakunja sketi. "Mghoi," akasema, "mimi sikukasirika ulisema. Nimekasirika unakataa." Nilimfuata Sospeter hadi bandarini, nikamuuliza nani alimwambia. Akaapa kwa kaburi la baba yake: "Dada, siku hiyo nimetafsiri tu." Sikumwamini. Nani angemwamini? Mtu aliyempeleka mbuzi wa Shinyanga kwenye treni ya Wajerumani hawezi kuamka Jumamosi moja akasema ametafsiri tu. Nikawaza labda alisikia kupitia ukutani, labda Mama Kezia na kalamu yake alisikiliza mlangoni, labda Bahati mwenyewe alizungumza usingizini. Nilishuku hadi bomba la joto. Watu wengine hawakuhangaika hivyo. Mwenyewe walikuwa naye tayari, ni mimi. Nilipoingia jikoni kanisani mazungumzo yalihamia hali ya hewa, na Uswidi ina hali ya hewa nyingi sana. Wasichana waliacha kuniambia nani anawapenda. Nikagundua kwamba ukikaa kwako hakuna anayenyamaza unapoingia. Nikazoea. Baadaye nikaolewa, nikaachika, nikapata Wakesho na blanketi, na watu wakasema Mghoi kwa asili ni mtu wa ndani. Hakuna asili hapo. Ni Jumamosi moja.

Haya yote nilimsimulia Wakesho niliporudi kutoka msibani, kwa sababu aliuliza kwa nini nimekula sambusa tano na sijasema neno. Yeye amezaliwa hapa, anafanya kazi ya kompyuta huko Kista, na husikiliza Kiswahili kwa masikio na kujibu kwa Kiswidi. Kabla chai haijapoa akanigeuzia kompyuta, akauliza kama ndiyo hii. "Mamma, är det den här?" Ilikuwa yenyewe. Jikoni lile, viazi vile, tena vimesafishwa, vinang'aa kuliko wakati wetu, na chini kuna maandishi ya Kiswidi. Mtu mwungwana angemwita Bahati watazame pamoja. Mimi nilitazama kwanza, peke yangu, asubuhi, taa zote zikiwaka. Sahani mbili zikawekwa. Mwanamke akageuka. *Jag sa till dem att jag inte har något barn.* Niliwaambia sina mtoto. Nikasimamisha picha. Mstari uliofuata ulikuwa wa kutozaa, na wa tatu ulikuwa wa njoo ule. Neno kwa neno. Sospeter, katika maisha yake yote ya mwiko, alitafsiri kwa uaminifu mara moja tu.

Namba ya Bahati nilipewa na Mama Kezia, kwa sharti nisimpe mtu. Bahati alikuwa amerudi Stockholm kulea wajukuu. Nilimpigia, nikamweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nitakuja Jumamosi. Lakini sitakula." Alikuja mchana, akaketi kwenye ukingo wa kochi na koti lake mwilini. Nilimwekea chai, akaitazama, hakuigusa. Wakesho akafungua filamu. Tulitazama viazi. Tulitazama mlango. Mstari ulipotokea, Bahati aliusoma, akasogea, akausoma tena. Kisha akamgeukia binti yangu, kwa upole mkubwa.

"Weye unafanya kazi gani, mama?"

"Kompyuta," akasema Wakesho.

"Bon," akasema Bahati, akajiegemeza. "Siku hizi vijana wanaweza kuandika kitu yoyote chini ya picha."

Wakesho alinitazama mdomo wazi. Mimi sikushangaa, na nikuambieni nilimheshimu; ningekuwa yeye, hata mimi ningeuliza. Lakini nilivuta kiti, nikaketi. Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo nipate shahidi, na shahidi mwenyewe kaonekana wa kununuliwa. Bahati akatoa simu yake kwenye mkoba. Alisema kuna mtu mmoja tu anayemwamini. Akampigia, akaiweka mezani isikike, akamwelekeza kwa Kiswahili na Kifaransa: atafute filamu hii, achague maandishi ya Kifaransa, aende mahali pa sahani mbili. Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, watoto wakipiga kelele nyuma yake. Ilikuwa Patrice. Aliletwa hapa miaka kama kumi baada ya mama yake kuhamia Göteborg, akiwa na miaka kumi na kitu, na mama huyo hakuolewa na yeyote aliyeuliza maswali.

"Nimefika kwa sahani, maman. Nisome?"

"Soma."

"*J'ai dit aux gens que je n'avais pas d'enfant.*" Maneno yaleyale ya Sospeter, kwa Kifaransa. "*Je leur ai dit que je n'avais jamais accouché. Viens manger, mon fils, ils ne savent pas que tu es là.*" Mtoto mmoja huko akalia, akamtuliza. "Njo hiyo? Ni filamu gani hii, maman?"

"Ya zamani," akasema Bahati.

"Iko ya huzuni."

"Iko ya zamani," akasema tena. "Asante, papa. Enda kwa watoto." Akakata, akaiacha simu mezani, akaitazama kama inaweza kusema lingine. Wakesho, ambaye hujifanya haelewi mambo ya watu wazima, aliinuka akaenda kuchemsha maji yaliyokuwa yamekwisha kuchemka. Mimi nikamwacha na simu yake. Nimekaa ndani vya kutosha kujua kwamba kuna mlango husukumi.

"Kwa hiyo hukusema," akasema Bahati.

"Sikusema."

"Nilikuombeaka, Mghoi. Kila Jumapili. Usamehewe."

"Basi zirudishe hizo sala."

"Sala hairudi." Akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, toka juu. "Tafuta kosa lingine uzitumie. Hauwezi kukosa."

Akanywa chai. Ilikuwa imepoa, akanywa hivyo hivyo, kisha akauliza kama kuna chakula, na kilikuwapo. Wakesho akauliza kama azime. Tukatazamana. Hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kuona mwisho wa filamu ile. Mama Kezia aliizima, na Sospeter hakuileta tena. Tukamwambia aiache. Bahati akavua viatu, akapandisha miguu kwenye kochi langu, akavuta upande mmoja wa blanketi bila kuniomba, tukatazama hadi mwisho, yule mwanamke akifagia, akianua nguo, akizima taa ya jikoni. Mlango haukufunguka. Majina yakaanza kupanda.

"Imeisha?" akauliza Bahati.

"Imeisha."

"Na huyu wa nyuma ya mlango?"

"Hawakumwonyesha."

Akafikiri, kijiko mdomoni. "Sospeter angetuonyesha," akasema.